Kizimba cha Sajini

"Mtie kwenye gunia, mum. Kichwa kikae nje apumue. Si ndivyo watu hubeba mbwa?"

Ben aliyasema hayo kwenye simu kwa sauti ya mtu anayegawa ushauri wa bure, na mama yake, Kaveke, akakata simu. Hakuwa na desturi ya kumkatia mwanawe simu. Siku hiyo kidole kilienda chenyewe, naye akakitazama na kukisifu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Kaveke alikuwa ameteleza mara moja tu kwenye njia ya kushuka mtoni, wakati wa mvua, na mara hiyo moja ikatosha kumfanya mwanawe aamue kila kitu kwa niaba yake. Ng'ombe akauzwa. Kuku wakagawiwa majirani, na jogoo akaliwa na watu waliokuja kutoa pole. Shamba la maparachichi likakodishwa. Ikabaki Ben kupanda na pikapu yake Jumamosi hadi Nunguni, amchukue mama yake kutoka kwenye baridi ya mlimani na kumshusha Sultan Hamud, kwenye joto, anakouza saruji na mabati kando ya barabara ya Mombasa. "Room yako iko tayari, mum," alikuwa akisema kila anapopiga simu. "Wewe utakuja ukae tu."

Akae tu! Mwanamke aliyepanga maparachichi kwenye kreti tangu ujana wake, mpaka madalali wa Nairobi wakawa wanaziulizia kreti za Kaveke kwa jina, leo aambiwe aje akae tu. Alikubali kwa sababu magoti yalikuwa yamemsaliti kweli, na mtu habishani na goti. Lakini aliweka sharti moja: Sajini aende naye.

Sajini alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, mrefu wa miguu, sikio moja limechanika, wa ukoo usiojulikana na yeyote. Siku ile Kaveke alipoangukia mtaroni, mguu umekunjika chini yake na sauti imemkauka kwa kuita, Sajini ndiye aliyekwenda mpaka kwa jirani, Ndila, akabweka mlangoni, akarudi, akaenda tena. Alifanya hivyo asubuhi nzima. Hatimaye Ndila akachoshwa na kelele, akatoka na fimbo ya kumchapa, na akamfuata na fimbo yake mkononi mpaka ukingoni mwa mtaro. Ben aliposimuliwa kisa hicho, alichosikia ni kwamba mama ameanguka. Kaveke yeye alijua kwamba aliinuliwa, na alijua na aliyemwinua.

Sasa hilo gunia. Watu wa huku hawamtii mbwa kwenye gunia kwa safari. Humtia kwenye gunia kwa kumtupa. Mbwa akizeeka, au akizoea mayai ya watu, hufungwa guniani asiione njia, akapakiwa kwenye boda boda na kumwagwa mbali, huko barabara kuu, ambako hatajua kurudi. Kila mtu Nunguni anajua, na mbwa nao nadhani wanajua. Gunia likitikiswa tu, Sajini alikuwa akikimbilia chini ya kitanda. Kumtia humo ni kumwambia ametupwa, na Kaveke hakuwa tayari kumdanganya mbwa wake hivyo, hata kwa saa chache.

Ben alipiga tena.

"Sawa, mum. Basi mtafutie keji. Bila keji hapandi gari yangu, atakwaruza kila kitu. Na Jumamosi siwezi ngoja, duka haina mtu."

Alisema hivyo akiamini kwamba mama mzee mwenye magoti mabovu hawezi kupata kizimba cha mbwa Nunguni, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kukiulizia. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na haraka tu, na haraka ya mtoto mwenye duka ni kitu kizito kwa mama.

"Keji atakuwa nayo," alisema Kaveke. "Wewe njoo na gari."

Akaingia kazini siku hiyohiyo. Alichukua kreti kuukuu za maparachichi, akazibomoa, akapigilia mbao mpaka akapata moja ndefu. Na hapa ndipo ujuzi wake ulipomponza. Sheria ya kupanga parachichi ni moja: kinachotikisika njiani ndicho kinachofika kimeoza. Kwa hiyo kila tunda hubanwa na mwenzake, mianya hujazwa majani makavu, halafu mpangaji huishika kreti kwa mikono miwili, akaitikisa, akatega sikio. Ikiwa kimya, imepangwa vizuri. Kaveke alimwita Sajini kwa kipande cha mfupa, akamsukumia ndani, akajaza majani ubavuni na sweta kuukuu mgongoni, akapigilia mbao za juu. Kisha akatikisa. Kimya. Akatabasamu kama zamani, madalali walipokuwa wakishindana kumsalimia.

Asubuhi iliyofuata alimwita Mbithi, bwana mmoja mwenye wilibaro, ampelekee mzigo huo sokoni. Alitaka fundi wa vyuma aitwaye Yakub amfungie bawaba na komeo, ili Jumamosi asihangaike na misumari. Wakaenda polepole, Mbithi akisukuma, Kaveke akitembea kando na fimbo yake. Jua lilikuwa limeshapanda. Mwanzoni Sajini alilia, sauti nyembamba ya puani. Walipofika penye kona ya kanisa akanyamaza.

"Umesikia?" Kaveke alimwambia Mbithi. "Ametulia. Mzigo ukipangwa vizuri hunyamaza wenyewe."

Yakub alikuwa amechuchumaa mbele ya karakana yake, anapiga tupa dirisha la mtu. Babu yake alikuja Mwingi kutoka pwani, na yeye mwenyewe akafuata kazi mpaka Nunguni, akaoa na kuzaa hapo, na Kikamba chake kikampita hata Ben. Aliinama, akachungulia kati ya mbao, na uso wake ukabadilika.

"Mama Ben. Huyu anapumua kweli?"

Hakungoja jibu. Alichukua mtaimbo, akang'oa mbao tatu kwa nguvu, majani makavu yakamwagika chini. Sajini alikuwa amelala vilevile alivyopangwa. Ulimi ulikuwa nje, mweusimweusi, povu limekauka midomoni, na kifua kinakwenda mbio bila sauti. Alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia. Kaveke aliketi palepale vumbini, bila kukumbuka magoti, akampakata kichwa. Yakub akaleta maji kwenye kopo, akayamwaga juu ya tumbo la mbwa na masikioni, akamwachia Kaveke kopo amnyweshe kidogokidogo.

Ilichukua muda. Kaveke alikuwa akilia waziwazi, sokoni, mchana kweupe, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na hakujali. Kimya alichokuwa akijivunia njia nzima kilikuwa kimya cha mbwa anayekata roho. Ustadi wake wote, ule uliomjengea nyumba na kumsomesha Ben, ulikuwa umebakiza kidogo tu umuue kiumbe aliyemwokoa. Hatimaye Sajini aliinua kichwa, akalamba kopo, halafu akalamba mkono.

Ndila alikuwa ameshafika, maana habari sokoni haina miguu lakini hutangulia mtu.

"Si ningekuambia," alisema, huku akimpangusa mwenziwe vumbi mgongoni. "Kwa gunia angalau kichwa kiko nje. Muachie mtu, Kaveke. Mbwa ni mbwa. Sultan Hamud kwenyewe mbwa wamejaa."

"Na wanawake wazee hawajajaa huko?" Kaveke aliuliza. "Mbona mimi napelekwa?"

Ndila akaishia kusema, "Eka maneno," yaani aachane na hayo.

"Sitaacha. Yakub, nataka kizimba. Si kreti. Mimi na kreti tumemalizana."

Basi soko lote likawa na maoni, kwa sababu Nunguni hakuna mtu anayeweza kuona jambo likifanyika asilitie mkono. Mwanamke mmoja wa kuku alileta tenga lake, lile pana la fito. Kaveke alilishika, akakunja ufito mmoja kwa vidole, akamrudishia. Sajini angelila likaisha kabla ya kufika barabara kuu, kisha arukie magari. Mwingine akapendekeza pipa la mafuta lililokatwa, na mwingine sanduku la bati. Kaveke akawauliza nani kati yao amewahi kukaa ndani ya pipa kwenye jua la Sultan Hamud, na wote wakakumbuka shughuli zao. Mbithi akatoa simu akamwonyesha picha ya kizimba cha plastiki, kama vile vya mbwa wanaopanda ndege, kina mlango wa waya na mpini juu. Kilikuwa kizuri kweli. Kilikuwa pia Nairobi, na Jumamosi haikuwa mbali.

"Mimi nitakutengenezea," alisema Yakub. "Nondo nyembamba, wavu, mlango. Hata maua nitakutilia, kama yale ya dirisha la daktari."

"Maua ya nini? Ya kumtoboa macho? Nataka pembe zote ziwe laini. Na wavu uwe wa tundu ndogo. Akiweza kutoa kichwa hataweza kukirudisha, namjua."

"Sawa. Nipe vipimo."

"Si umpime wewe? Wewe ndiye fundi."

Yakub akacheka, akarudi nyuma hatua moja. "Mbwa mkavu sina ugomvi naye, mama. Lakini huyu ulimi wake haujawahi kukauka, na mimi nina udhu na adhuhuri iko karibu. Pima wewe, mimi nitaandika chini kwa chaki."

Kaveke akachukua kamba ya mkonge. Kwa ile kreti alikuwa amempima Sajini akiwa amelala, kama mtu anavyopima kitu cha kuwekwa. Sasa alimpima amesimama, kutoka chini mpaka ncha ya sikio zima, akaongeza kiganja. Akampima pua mpaka shina la mkia, akaongeza tena. Kisha akafanya jambo lililowachekesha watu. Alimwita mbwa kwa jina, akamzungushia mfupa puani, na Sajini, akiwa bado ana kizunguzungu kidogo, akajigeuza palepale vumbini kuufuata. Kaveke akachora kwa ncha ya fimbo pale miguu ilipopita, likabaki duara.

"Hii itoshe ndani," alimwambia Yakub.

"Unataka kizimba cha duara?"

"Kizimba kiwe na pembe nne. Lakini hii duara iingie yote. Parachichi halina haja ya kugeuka. Huyu anayo."

Yakub alilitazama duara, akatazama nondo zake zilizoegemezwa ukutani, akakuna kidevu. "Kitakuwa kikubwa, mama. Ben atalalamika."

"Ben amelalamika tangu azaliwe na amekua vizuri tu."

Siku ya soko, kizimba kilikuwa tayari, kimewekwa mbele ya karakana, na watu wakawa wanakizunguka wakikigonga kwa viganja. Kilikuwa kimesimama imara, hilo hakuna aliyebisha. Tabu ilikuwa moja. Sajini alifika mlangoni pake, akanusa, akakumbuka kreti, akalala chini na kugoma. Alivutwa kwa kamba, akagoma. Alionyeshwa mfupa, akautazama mfupa, akaurudia uso wa Kaveke, na macho yake yalisema wazi kwamba safari hii haingii mtu.

"Msukumeni," alisema mmoja.

"Hakuna wa kumsukuma," alijibu Kaveke. "Mara ya kwanza nilimsukuma mimi. Anajua kwamba mimi ndiye niliyemfunga."

Alisimama akawaza. Halafu akampa Ndila fimbo, akampa na mkoba, akakaza leso kiunoni. Akashuka chini, goti la kwanza, goti la pili, akiuma meno, akaingiza kichwa kwenye mlango wa kizimba.

"Kaveke!" Ndila alipiga kelele. "Unafanya nini? Wewe ni mama wa kanisa!"

"Mama wa kanisa ana magoti," ilijibu sauti kutoka ndani. "Si nyinyi mnaniambia kila Jumapili nipige magoti?"

Soko likaangua kicheko. Watu waliacha nyanya zao, wakaja. Mbithi akatoa ile simu, Yakub akaichukua ile fimbo mkononi mwa Ndila, akaisukuma simu ielekee ukutani. Kaveke alisikia vicheko vyote hivyo vikija kwa nyuma, ambako ndiko sehemu yake kubwa ilikokuwa bado imebaki, na hasira ikampa nguvu. Alijua watakavyosimulia. Wasimulie! Walishasimulia pia alipoanguka mtaroni, na ile haikuwa kwa hiari yake. Hii ilikuwa kwa hiari yake. Akasogea mbele, akavuta miguu, akaingia mzima.

Ndani mambo yalikuwa tofauti na yanavyoonekana nje. Wavu wa sakafu ulimwuma viganja na magoti kama amepiga magoti juu ya kokoto, na akafikiria nyayo za mbwa, kilomita baada ya kilomita, gari likirukaruka. Ncha ya waya ilimkwaruza bega. Na komeo, alipoutikisa mlango kwa mguu, lilicheza na kutoka lenyewe. Aliyaona yote hayo kwa sababu alikuwa ndani. Angesimama nje na kugonga kwa kiganja kama wale wengine, angekisifu na kuondoka.

"Yakub!"

"Mama."

"Sakafu tia ubao. Huku kushoto kuna waya unakata, upige tupa. Na hili komeo lako ni la mlango wa kuku, linafunguka kwa kutikiswa tu. Nataka la kuzunguka, lenye pini."

"Nimesikia."

"Na dari liwe bati nusu tu, nusu iwe wazi, hewa ipite."

Alikuwa bado anaorodhesha makosa, ndipo kitu chenye unyevu kikamgusa kisigino. Sajini alikuwa ameinuka. Alinusa nyayo za Kaveke, akanusa leso, halafu akaingia, akapita ubavuni mwake kwa kujibana, akazunguka mara moja, akalala na kidevu chake juu ya mkono wa bibi yake. Kicheko sokoni kikapungua. Mtu mmoja akasema, "Aiya," kwa sauti ya chini. Kaveke alibaki humo, amekunjika na mbwa wake, magoti yanawaka moto, na moyoni alijisikia mshindi kuliko siku yoyote tangu aanguke.

Kutoka kulikuwa kugumu kuliko kuingia, lakini Ndila alimvuta na Mbithi akamwinua, na hakuna aliyethubutu kucheka tena.

Yakub alirekebisha kila kitu, na jioni kizimba kikafika nyumbani. Kaveke alikiacha mlango wazi, akawa anamwekea Sajini chakula humo ndani. Ijumaa mbwa alikuwa akiingia na kutoka kama mwenye nyumba.

Jumamosi Ben alikuja. Alishuka kwenye pikapu, akamkumbatia mama yake, akakiona kizimba, na mikono ikamshuka.

"Mum, hii ni nini? Hii ni ya simba! Kitanda chako kitakaa wapi?"

"Kibaki."

"Kitanda?"

"Ulisema room iko tayari. Room tayari ina kitanda. Au haina?"

"Iko nayo, lakini..."

"Basi pakia mbwa."

Sajini aliingia mwenyewe, akajigeuza, akalala. Kaveke alizungusha komeo, akatia pini, akafunga kizimba kwa kamba pande zote nne kisiteleze, kisha akakifunika upande wa jua kwa gunia lililoloweshwa maji, huku akimwambia mwanawe kwamba hiyo ndiyo kazi pekee ya gunia katika safari ya mbwa. Njiani alimsimamisha Ben mara kwa mara amnyweshe mbwa maji. Ben aliguna kila mara, na kila mara alisimama.

Walifika Sultan Hamud jua la mchana likichoma mabati. Mke wa Ben, Nthenya, alitoka kuwapokea, akamshika mama mkwe mikono yote miwili kwa heshima, lakini hakumtazama machoni sana. Ben aliwaongoza kupita kaunta, kupita wateja wawili waliokuwa wakingoja saruji, kupita rundo la mabomba, mpaka nyuma. Akafungua mlango.

"Karibu, mum. Hii ndiyo yako."

Kilikuwa stoo. Kitanda kilikuwa kimebanwa kati ya ukuta na ukuta, na juu ya kichwa cha kitanda makatoni ya misumari yamepandishwa mpaka karibu na dari. Miguuni kulikuwa na ndoo za rangi. Dirisha lilikuwepo, ila mbele yake limesimamishwa tangi la maji. Hewa ilikuwa ya moto na harufu ya gundi. Mlango ulikuwa na komeo, na komeo lilikuwa nje.

"Ni ndogo kidogo, lakini kila kitu kiko karibu," alisema Ben. "Hautatembea. Hauna mahali pa kuanguka."

Kaveke alisimama mlangoni akaitazama kazi hiyo. Aliitambua. Ilikuwa kazi safi, hakuna nafasi iliyopotea, kila kitu kimebana chenzake ili kisitikisike. Mwanawe alikuwa amejifunza kwake mwenyewe. Uchungu ukamshika, na baada ya uchungu ikaja ile hasira ya sokoni, ileile, na akaipokea kwa furaha.

"Ben," alisema. "Ingia."

"Niingie wapi?"

"Humo. Ulale. Halafu ugeuke."

Ben alicheka. Akamtazama mkewe ili acheke naye, lakini Nthenya alikuwa ameshughulika kutazama mabomba. Akaona heri amfurahishe mama, yaishe. Akaingia kiubavuubavu, tumbo likigusa ndoo, akalala kitandani chali na viatu vyake. Kaveke akauvuta mlango, akasukuma komeo.

"Mum?"

Wateja kwenye kaunta wakageuka.

"Mum, acha mchezo. Fungua."

"Geuka kwanza."

Kitanda kililia. Kitu kikagonga ukuta, kisha katoni moja ikaanguka, misumari ikamwagika sakafuni, na mtu akapiga kelele ya maumivu. Kukawa kimya. Kaveke hakukiamini kimya hicho, akaweka sikio mlangoni.

"Umetosha?"

"Kuna joto hapa, mum."

"Sikuuliza joto. Nimekuuliza, umetosha?"

"Sijatosha."

"Na mimi nitatosha?"

Safari hii Ben aliacha ile mum yake ya simu, akasema kwa Kikamba, kwa sauti aliyokuwa nayo alipokuwa mtoto akimfuata shambani. "Aiee, mwaitu." Hapana, mama.

Kaveke akavuta komeo. Ben akatoka, shati limegandana na mgongo, msumari mmoja umenasa kwenye soksi, akasimama mbele ya mama yake bila kujua mikono aiweke wapi.

"Kile chumba cha mbele chenye madirisha kina nini?" aliuliza Kaveke.

"Matangi, mum. Ya kuuza. Lazima yaonekane kutoka barabarani."

"Matangi hayana magoti, na hayajawahi kukuzaa. Yalete huku stoo. Na komeo la mlango wangu liwe ndani."

Nthenya alikuwa ameshatangulia kufungua madirisha ya chumba cha mbele. Kaveke alikwenda kwenye pikapu, akamfungulia Sajini, na mbwa akaruka chini, akajinyoosha, akainua mguu kwenye rundo la matofali ya Ben. Akaamuru kizimba kishushwe na kuwekwa katikati ya mlango wa duka. Akakikalia, fimbo kati ya magoti, Sajini miguuni pake, wateja wakiingia na kutoka kwa kujibana ubavuni, na hakuinuka hapo mpaka Ben alipotoa tangi la mwisho.